Aliyekatwa kwa Mwanga

Ubaridi ulimpita Yun-ju tumboni kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amekaa mbele ya kompyuta katika chumba cha hadubini. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Ulianzia ubavu wa kushoto, ukapita chini ya kitovu, ukatokea ubavu wa kulia, basi. Akadhani ni kiyoyozi. Akafunga vifungo vya sweta, akaendelea na kazi.

Baada ya dakika mbili ukapita tena.

Chumba kile kilikuwa kigeni kwao wote. Jana yake tu ndipo maabara ya Profesa Hsieh ilipoihamisha hadubini kutoka ghorofa ya tatu na kuileta huku chini ya ardhi, kwa sababu kule juu kila lori lililopita barabarani lilitikisa picha. Watu wanane waliibeba meza yake kwa hatua za pole, kama wanaobeba jeneza la mtu mzito. Fundi wa vyombo, Tse-min, mtu wa utani mwingi na kitambi, alitoboa ukuta kwa drili, matundu sita, matatu juu na matatu chini, akaibana meza ukutani kwa skrubu ndefu kama kidole. Yun-ju alisimama pale pale akimshikia tochi. Kila drili ilipoingia, meno yalimuuma mpaka kwenye mizizi, lakini hakusema kitu.

Angesemaje? Alikuwa na mimba ya wiki tisa, na mimba haisemwi kabla ya miezi mitatu. Aliye tumboni ni mwepesi wa kununa. Ukimtangaza mapema anaona haya, anaondoka. Aliyejua ni mumewe Po-wei, na mama mkwe, na daktari.

Nyumbani, ghorofa ya nane, mama mkwe alikuwa amekwisha kuziba kila pengo. Mikasi ilifungwa kwenye kitambaa chekundu. Kitanda hakikusogezwa hata kwa kufagia. Kila asubuhi alichana karatasi ya kalenda mlangoni akasoma kwa sauti mahali alipo siku hiyo yule pepo wa mimba, mlinzi mdogo ambaye huishi katika vitu vya nyumba mpaka mtoto azaliwe, na ambaye ukimgonga, umemgonga mtoto.

"Leo yuko mlangoni na kwenye kinu," alisema siku moja.

"Mama, sisi hatuna kinu," Po-wei akamwambia.

"Basi ni blenda. Leo hakuna kusaga."

Wakacheka, lakini blenda haikuguswa.

Ndiyo maana Yun-ju hakuwa na wasiwasi. Alijua nyumba yake imelindwa.

Hadubini ile haikuwa ya kuchungulia kwa jicho moja. Ndani yake kulikuwa na kisanduku cha maji, ndani ya maji kulining'inia kijiti cha jeli, na ndani ya jeli alilala samaki ambaye bado hajawa samaki: kiinitete cha siku moja, kidogo kama punje ya ufuta, hai. Leza ilitandazwa ikawa karatasi ya mwanga, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ikapenya ubavuni mwa kiinitete na kukiwasha kipande kimoja tu, kijani kibichi. Kamera ikapiga picha. Karatasi ikasogea, ikawasha kipande cha pili, cha tatu, mpaka mia tatu. Kisha kompyuta ikavipanga vile vipande na kukujengea mnyama mzima, moyo ukidunda, hana habari kwamba amekatwa. Dakika mbili baadaye kazi ikaanza upya. Hadubini za zamani ziliwababua wale wadogo kwa mwanga wao mkali, wakafa kabla ya jioni. Hii iliwaacha wakue mbele ya macho yako.

"Kisu kisichoumiza," Profesa Hsieh alipenda kuwaambia wageni.

Yun-ju alikuwa akiuchunguza moyo. Moyo wa samaki huanza kama mrija ulionyooka, halafu siku ya pili hujipinda upande mmoja, na kutoka hapo ndipo unakuwa moyo. Alikuwa ameuona ukijipinda mara mia na zaidi, na bado kila mara alishika pumzi.

Wiki ile haukujipinda hata mmoja.

Jumatano alidhani ni bahati mbaya. Alhamisi akaweka kiinitete kingine. Ijumaa kingine. Vyote vilikuwa hai, vyote moyo ulidunda, lakini vilifika pale pa kujipinda vikasimama, mrija umenyooka, kama mtu aliyefika mlangoni akasikia jambo ndani. Ndugu zao waliobaki kwenye kabati la joto, wa mayai yale yale, walijipinda bila shida. Waliosimama ni wale tu waliopitiwa na mwanga.

"Ni jeli," Profesa Hsieh alisema, hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Tengeneza jeli nyingine. Halafu, mbona umepauka? Kula, binti yangu. Nenda kanywe uji wa samaki pale mbele."

"Sawa, Profesa."

Hakumwambia kuhusu ubaridi. Hakumwambia kwamba ameupima kwa saa, na kwamba unapita kila mara mashine inapolia tik na karatasi ya mwanga inapoanza safari yake. Wala hakumwambia kuhusu harufu. Chumba kile kilikuwa cha chuma, mpira na pazia jeusi, lakini mchana ukisogea kilianza kunuka maziwa, maziwa ya titi yaliyokauka kwenye nguo, pamoja na ule unyevunyevu mtamu wa utosi wa mtoto mchanga. Siku ya kwanza harufu hiyo ilimfurahisha. Siku ya tatu ilikuwa na chuma ndani yake, kama pua inapotaka kutoka damu.

Na kulikuwa na kwikwi. Taa zikizimwa, pazia likifungwa, mashine ikishamaliza kukata vipande vyake mia tatu, katika ule utulivu kabla ya mzunguko mwingine, kitu kilifanya kwikwi ndani ya kisanduku cha maji. Moja tu. Kama mtoto aliyelia sana akanyamazishwa.

Jumatatu alikwenda kliniki. Daktari Fang, mama wa makamo mwenye mikono ya moto, alimpaka ute tumboni, akakitembeza kipimo, akatazama kioo, akatazama faili, akatazama kioo tena.

"Tarehe zako una uhakika nazo?"

"Ndiyo, daktari."

"Maana leo ni wiki kumi. Huyu ana ukubwa wa wiki tisa. Wiki tisa kamili." Akapunguza sauti ya mashine. "Moyo unadunda, ila ni dhaifu. Tumpe wiki moja. Kama atakuwa hajakua..."

Akampangusia tumbo mwenyewe, kazi ambayo siku zote aliwaachia wauguzi, na hilo ndilo lililomtisha Yun-ju kuliko maneno.

Nje mvua za Mei zilikuwa zinamwagika. Alisimama chini ya paa la duka akihesabu siku kwa vidole. Wiki tisa kamili ilikuwa Jumatatu iliyopita. Jumatatu ya drili.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda maabara akamkuta Tse-min ameinama kwenye kompyuta ya hadubini.

"Msomi, njoo uone uchafu wako," alimwita. "Umefanya nini, umepika jeli na pamba? Kiinitete kimezungukwa na utando mtupu. Mimi fundi tu, lakini hata mimi najua jeli haing'ai."

"Uko wapi?"

"Upo kila kipande. Hafifu. Ndiyo maana hukuuona, macho yako yapo kwenye moyo tu."

"Vipange, tuone ni nini," Yun-ju alisema.

Tse-min akabonyeza. Kompyuta ikaanza kuvipandisha vile vipande, kimoja juu ya kingine, na mwanzo kweli ulionekana kama uchafu, nyuzinyuzi za moshi wa kijani, lakini vipande vilipofika mia moja moshi ulikuwa na ukingo, vilipofika mia mbili ule ukingo ulikuwa na uti wa mgongo, na vilipotimia vyote Tse-min akaigeuza picha ubavu kwa kipanya, taratibu, bila mzaha tena, wakaona wote wawili kwamba kiinitete cha samaki kimekumbatiwa, kimezungukwa na kiumbe kilichojikunja, magoti kifuani, kichwa kikubwa kimeinama, vidole vyembamba vimefumbata ile punje kama mtu anayezama anavyoshika chochote kilicho karibu. Kilikuwa na mgongo. Kilikuwa na sikio. Na mwilini kilikuwa na matundu meusi, ya duara safi, yaliyopita upande hadi upande: matatu juu, matatu chini.

Mashine ikalia tik. Ubaridi ukapita. Kwenye kioo cha kompyuta, kile kitu kikashtuka.

Tse-min alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa pazia. Aliutazama ukuta, vyuma na skrubu zake. Aliitambua ile nafasi kati ya tundu na tundu, kwa kuwa ni yeye aliyeipima.

"Yun-ju," alisema kwa sauti ya chini. "Una mimba?"

Hata wakati ule, mdomo ulikataa.

"Basi usiseme, itikia tu kwa kichwa. Jamani! Ningejua nisingeugusa ukuta huu hata kwa ukucha! Wan-ting wa hapa hapa maabara alipokuwa na mimba, rafu ya kemikali ilining'inia upande mmoja miezi minane. Miezi minane, nani aliyegonga msumari? Hata Profesa, na makelele yake yote ya sayansi, aliifunga rafu mwenyewe kwa kamba. Mbona hukusema?"

"Bado hajatimiza miezi mitatu."

"Izime," Tse-min alisema. "Inamkata. Izime sasa hivi." Akanyoosha mkono, akazima leza.

Mlio ukafa. Kwa pumzi moja Yun-ju alihisi nafuu. Kisha tumbo lake likawa tupu. Si maumivu, yalikuwa mabaya kuliko maumivu, ni kama nyumba uliyoizoea imenyamaza na unajua hakuna mtu ndani. Akaanguka sakafuni. Kitu cha moto kikamtiririka mguuni.

"Washa!" alisema. "Kaka, washa! Amemshika mwanangu! Ukimzimia mwanga wanakwenda wote wawili!"

Tse-min akakosea nywila mara mbili. Leza ikawaka. Tik. Ule uzi wa baridi ukampita Yun-ju tumboni kutoka ubavu hadi ubavu, naye akaukumbatia kwa mikono miwili, akalia kwa kuufurahia.

Aliyewakuta pale ni Shangazi Ah-Kim, mama wa usafi. Alikuwa na wiki nzima haingii chumba kile. Alikuwa akiiacha ndoo mlangoni na kuondoka. Alilitazama tone la damu kwenye vigae, akavuta pumzi puani.

"Nilijua," alisema. "Nimezaa watano, harufu hiyo siikosei. Nikajiambia, Ah-Kim, wewe mfagiaji, usiwafundishe kazi wenye digrii." Akamwinua Yun-ju kwa kwapa. "Tulia, mwanangu. Usitembee, usiinuke. Nakwenda kumwita Liau."

Bibi Liau alikuwa akiuza tofu laini ya sukari asubuhi nyuma ya soko, na mchana aliwatazama wagonjwa wa mambo yasiyo na dawa ya dukani. Alifika na pikipiki yake, koti la mvua juu ya aproni, kikapu mkononi. Hakushangaa kuiona mashine. Aliizunguka akiwa ameweka mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani. Akanong'ona kuuliza kama pepo wa mimba yumo humo, akatupa sakafuni vipande vyake viwili vya mbao nyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi. Ndiyo. Akatupa tena. Ndiyo. Mara ya tatu. Ndiyo.

"Nyumbani kwako ni nani anayelinda?" aliuliza.

"Mama mkwe, Bibi."

"Analinda vizuri?"

"Sana. Hata blenda hatuwashi."

"Na unashinda hapa saa ngapi kwa siku?"

Yun-ju akahesabu. "Kumi na tatu. Kumi na nne."

"Nyumbani unalala tu." Bibi Liau akatikisa kichwa. "Mmelinda nyumba tupu, mwanangu. Huyu mdogo hukaa katika vitu vya mahali mama anapoishi. Kalenda imwambie akae kwenye kinu, akatafuta kinu, akamkuta mama yuko hapa na chombo chake, akaingia humo. Halafu mkambeba, mkambandika ukutani, mkampigilia. Si jini wa kufukuzwa huyu. Huyu ameumia. Hawezi kutoka, na kwa uchungu wake amemshika mwenzake hataki kumwachia akue. Na kila dakika mbili mnamkata vipande, mnamuunga, mnamkata tena."

Harufu ya ubani aliouwasha Bibi Liau ilikuwa imeshapanda ngazi. Profesa Hsieh akatokea mlangoni, miwani juu ya paji la uso.

"Nani ameruhusu moto kwenye chumba cha leza? Tse-min! Huyu ni nani?"

"Muuza tofu," Bibi Liau akajibu. "Profesa, una mdomo usiopasuka, una masikio mawili. Wakati mama yako ana mimba yako, kuna watu waliweka nyundo chini. Na wewe weka yako."

Profesa alimtazama Yun-ju pale sakafuni, mikono tumboni, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu anayesoma barua. Aliburuta kiti, akapanda na viatu vyake, akakitoa betri king'ora cha moshi.

"Skrubu zinatoka kwa mkono," Bibi Liau alisema. "Aliyeingiza ndiye atakayetoa. Bisibisi tu, mlio wa umeme usisikike. Ukitoa moja, ngoja mwanga upite ndipo ushike nyingine. Na wewe, mama, zungumza naye. Mtaje mtoto wako kwa sauti, mbele ya watu."

"Lakini miezi mitatu, Bibi. Atanuna."

"Anaweza kununa, ndiyo. Ila ukinyamaza atakufa kwa hakika. Mwombe radhi. Mwelekeze ukutani, ukuta ni mkavu na umetulia, humo atapona. Lakini usimwahidi kitu. Umenisikia? Mtu mwenye maumivu hasahau aliloahidiwa."

Wakazima taa. Pazia likafungwa, na ingawa nje ilikuwa saa nane mchana, mle ndani giza lilikuwa la kushikika. Ulibaki mstari wa kijani katika kisanduku cha maji, mwanga hafifu wa kioo cha kompyuta, na ncha ya kijiti cha ubani.

"Naitwa Yun-ju," alianza, na sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye hakuisikia vizuri. "Nina mimba. Nina mimba ya wiki kumi. Huyo uliyemshika ni mtoto wangu. Nisamehe. Nilikuwepo, nilishika tochi, nikanyamaza."

Bisibisi ikakwaruza. Skrubu ya kwanza ikatoka, ikadondoka kwenye kiganja cha Tse-min, nayo ilikuwa na joto la mwili. Tik. Mwanga ukapita. Kwikwi moja majini.

Ya pili ikatoka, na ya tatu, na Yun-ju akasema maneno yale yale tena na tena, nisamehe, nenda ukutani, ukuta umetulia, na maji ya kisanduku yakaanza kutikisika bila kuguswa, harufu ya maziwa ikajaa mpaka Profesa akaziba pua kwa mkono wa shati, ya nne ikatoka, na zile kwikwi hazikungoja tena utulivu wa mashine bali zilifuatana, moja juu ya nyingine, zikawa kilio, kilio cha mtoto kinachotoka chini ya maji, ya tano ikatoka, na kwenye kioo yule aliyejikunja alikuwa amekwisha kuachia mkono mmoja, vidole vimefunguka, ila mkono wa pili bado umefumbata, umefumbata kwa nguvu zaidi, na Yun-ju akahisi tumboni mwake kitu kikibanwa kama tunda linalokamuliwa.

"Ya sita!" Shangazi Ah-Kim alinong'ona. "Baba wee, ya sita!"

"Haipo," Tse-min akasema.

"Haipo vipi?"

"Ilikatika." Alikuwa analia. "Ile Jumatatu, kichwa kilikatika, shina likabaki ndani. Nikapaka lipu juu nikanyamaza, nisichekwe. Bibi, haitoki kwa mkono. Haitoki bila drili."

Bibi Liau alipapasa ukuta, akalipata lile tundu lililozibwa, akaweka kiganja chake chote juu yake kana kwamba anaziba jeraha. "Sema naye, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. "Sema naye upesi."

Lakini Yun-ju alikuwa amekwisha kusogea kwa magoti mpaka kwenye kisanduku, uso wake umeangazwa kijani, midomo inakaribia kugusa kioo, na alichokisema hakuna aliyekisikia, maana alikuwa mtu wa sauti ndogo maisha yake yote na safari hii aliishusha zaidi, akanong'ona jinsi mama anavyomnong'oneza mtoto asiyetaka kulala peke yake, maneno machache tu, kisha akayarudia.

Kilio kikakatika.

Mashine ikalia tik. Karatasi ya mwanga ikapita. Yun-ju akangoja ubaridi. Haukuja.

Kwenye kioo kulikuwa na kiinitete kimoja cha samaki katika jeli safi, peke yake. Na mbele ya macho yao, ule mrija ulionyooka ukatikisika, ukalegea, ukaanza kujipinda.

Tse-min akakaa chini kama gunia. Profesa akawasha taa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Shangazi Ah-Kim alikuwa anacheka na kulia. Bibi Liau peke yake hakucheka. Aliokota mbao zake.

"Ametoka kwenye chombo?" Akatupa. Ndiyo.

"Ameingia ukutani?" Akatupa. Mbao zote mbili zikalala kifudifudi. Hapana.

Akatupa tena. Hapana. Akamgeukia Yun-ju, akamtazama muda mrefu.

"Ulimwambia nini mwishoni?"

"Nilimwomba radhi tu, Bibi," Yun-ju alisema, macho chini.

Bibi Liau akafunga kikapu chake. Shangazi Ah-Kim alimletea chai, hakuinywa. Alivaa koti la mvua, akapanda ngazi, na hakumuaga mtu.

Jumatatu iliyofuata Po-wei alimsindikiza mkewe kliniki. Alikuwa ameambiwa sehemu tu ya mambo, na usiku hakuwa amelala. Alimshika Yun-ju mkono wakati Daktari Fang anakitembeza kipimo, na daktari alipotabasamu, alimbana vidole hadi vikaalika.

"Haya, tazama mwenyewe. Wiki kumi na moja, wala hapungukiwi na siku. Sijui ulikula nini. Moyo huo, sikilizeni! Farasi huyo."

Po-wei akajifuta macho kwa kiganja. Daktari akasogeza kipimo upande, apate kupima maji. Akainama karibu na kioo.

"Hebu ngoja," alisema. "Hebu ngoja kwanza. Mbona sikumwona huyu?"

"Nani?" Po-wei akauliza.

"Wapo wawili. Hutokea, mmoja anajificha nyuma ya mwenzake. Lakini miaka ishirini na mitatu ya kazi, mimi..." Akacheka, ingawa hakuonekana kufurahi. "Hongereni. Ni mapacha."

"Wawili!" Po-wei alisimama, kiti kikaanguka. "Yun, umesikia? Wawili! Mama atazimia!" Na tayari alikuwa na simu sikioni, anatoka ukumbini, sauti yake inasikika mpaka kwenye lifti.

Yun-ju alikuwa anatazama kioo. Wa kwanza alikuwa anarusha miguu. Wa pili alitulia nyuma yake, amejikunja, magoti kifuani, ameipa dunia mgongo, na mkono wake mmoja umemshika mwenzake begani.

"Hataki kuonyesha uso," Daktari Fang alisema. "Ngoja nimbonyeze kidogo ageuke."

Akakiinua kipimo. Yun-ju, ambaye hajawahi kumkatalia daktari wala mwalimu wala mkubwa yeyote, alimdaka kifundo cha mkono akakishika.

"Usimguse, daktari."

"Ni kubonyeza tu, mama. Hamuumii."

"Ameshaguswa vya kutosha," Yun-ju alisema. "Huyo mwache."

Daktari Fang akautazama ule mkono mdogo uliomshika, jinsi ulivyokuwa na nguvu, akakiweka kipimo chini polepole. Hakuna aliyekuwa akimgusa tena mama yule tumboni. Lakini picha haikuzimika kwenye kioo. Na pale, katika rangi ya kijivu, yule aliyegeuza mgongo akaanza kuizungusha shingo yake, taratibu, kumtafuta aliyemtetea.